Nani Atachinja Jogoo

Jumamosi iliyopita nilishuka Namuwongo kununua kuku. Ningeweza kumpata dukani, aliyekwisha kunyonyolewa na kufungwa kwenye nailoni, lakini mgeni wangu wa Jumapili alikuwa baba, na baba hali kuku wa barafu. Anasema ana ladha ya kabati. Basi nikasimama kwenye vile vizimba vya karibu na reli, nikachagua jogoo mwekundu mwenye majivuno yake, na muuzaji akamshika mabawa akaniuliza kwa adabu ya Kiganda, "Nyabo, tuchinje hapa ao unapereka mzima?"

Nikamwambia achinje hapo hapo. Yeye hakuchinja. Alimwinamisha jogoo akafunga miguu yake kwa kamba ya mgomba, akaangalia huku na huku, akasema, "Ngoja kidogo, Hajji anatawadha. Hapa anachinja Hajji peke yake, ndio kila mtu akule."

Nikangoja, manyoya yakipeperuka mpaka puani, na treni ya mizigo ikapita polepole kama ilivyokuwa ikipita nilipokuwa mdogo. Ndipo, rafiki yangu, nikatafuta mahali pa kukaa. Kwa sababu swali la nani atachinja, ambalo kwa muuzaji yule ni jambo la dakika moja, kwetu liliwahi kukaa ndani ya nyumba tangu Krismasi mpaka karibu na Pasaka, na nusura limtoe bibi yangu mlangoni.

Nimekulia katika kambi ya polisi. Wewe uliyeingia Kampala juzijuzi hutazijua nyumba zile: za bati tupu, za mviringo, zimepangwa mistari, mlango mmoja, chumba kimoja, na familia nzima humo ndani. Jua likiwaka tulikuwa tunaokwa. Mvua ikinyesha hatukusikilizana, mama akitaka chumvi anaonyesha kwa vidole. Katikati palipita pazia la kitenge, upande ule baba na mama, upande huu sisi watoto na bibi kwenye mkeka wake. Mtu akikohoa kule, huku tunampa pole.

Baba alitoka upande wa Arua na mama alitoka Soroti. Walikutana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili hicho hicho cha kambi, ambacho mwenye duka wa nje ya lango alisema kinafaa kulazwa hospitali. Huyo mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilitoka kinywani kimenyooka, kimepigwa pasi. Tukimwomba "sukari ya nusu," anatuuliza hiyo sukari ina nusu ngapi. Tulimwogopa na tulimpenda.

Bibi alikuwa mama mzazi wa baba. Sisi tulimwita Jaja, kama watoto wote wa mji huu. Alikuwa Mwislamu. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa Mkristo wa daftari la ubatizo tu, na alipooana na bibi kila mmoja alibaki na dini yake, na mtoto akafuata ya baba. Hayo kwetu hayakuwa na ajabu. Nusu ya mstari wetu ilikuwa hivyo: baba mdogo Ramadhani, mjomba Yohana, na wote wanakula sahani moja. Bibi alinukia tangawizi, kwa sababu ya kahawa yake aliyoitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo. Alikuwa na birika la plastiki la kijani la kutawadhia, na lilipogonga sakafu ya saruji jioni tulijua jua limezama, tuache kelele.

Sasa, mahali penye mchanganyiko kama huo, kuku hachinjwi ovyo. Akichinjwa na Mkristo, Waislamu wa nyumba hawali. Akichinjwa na Mwislamu, wanakula wote. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi, kabla ya kanisa, sisi watoto wa Kikristo tulijipanga kwenye bomba la nyuma ya duka, kila mmoja na jogoo wake kwapani, gauni jipya likichafuliwa hata kabla ya kuonwa na watu. Mwenye duka alivaa koti kuukuu juu ya kanzu, akanoa kisu, akachinja Krismasi yetu yote. Hakutaka malipo. Desturi ilikuwa apelekewe shingo ikishaiva. Siku hiyo alikula shingo mpaka jioni, na alikuwa analalamika kwamba Wakristo watamuua kwa shingo.

Mimi niliipenda asubuhi ile kuliko chakula chenyewe. Harufu ya maji ya moto na manyoya, redio za mstari mzima zikiimba nyimbo tofauti, mama akimenya matoke na kuyafunga kwenye majani, akiyaweka juu ya sigiri na kuniambia nisichochee makaa, yaache yaive taratibu. Kisha tunapanda mpaka Mengo kwenye kanisa la mama, kanisa kubwa la zamani ambako watu waliimba wamesimama wima na mikono imetulia. Mama aliomba vile vile, midomo ikitikisika kidogo tu. Baba hakwenda. Baba wakati huo alikuwa na kanisa lake, la pombe ya waragi.

Sitaki umfikirie vibaya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepotea njia ya kurudi nyumbani. Siku za mshahara tulimsikia kutoka langoni, akipitisha rungu lake kwenye bati za majirani, kwa-kwa-kwa-kwa, mpaka kwetu. Mama alikuwa anaficha sufuria. Bibi alikuwa anakaa mlangoni, anamshika mkono, anamwambia kwa lugha yao maneno ambayo hatukuyaelewa, na yeye analia.

Halafu baba akaokoka. Kulikuwa na kanisa la mbao kule bondeni Namuwongo, karibu na reli, na mwenzake wa zamu alimvuta huko Jumapili moja. Alitoka asubuhi mtu mmoja, akarudi jioni mtu mwingine, mkononi ana kilo ya sukari. Kilo nzima. Tuliitazama ile sukari kana kwamba imeletwa na malaika. Rungu likaning'inizwa ukutani na halikugusa tena bati ya mtu. Alikaa na sisi, akatuuliza habari za shule, na majibu aliyasikiliza. Mama usiku ule aliimba akiosha vyombo. Ndiyo maana leo mtu akidhihaki bidii ya waliookoka mbele yangu, mimi hunyamaza. Najua ilikotutoa.

Lakini baba hakujua kufanya jambo nusu. Aliamka kabla ya jogoo na kuomba kwa sauti iliyopita kwenye bati kama haikuona kitu. Mstari mzima uliamkia maombi yake. Hata wale waliolalamika waliacha kutega saa. Alifunga Jumatano na Ijumaa. Aliigawa redio kwa sababu ya nyimbo zake. Aliipaka baiskeli mafuta ya kupikia, pembe zote, akaikabidhi kwa Bwana, na kusema kweli ule mnyororo uliacha kulia. Jioni alituita kwenye ibada ya nyumba, na ibada ilianza pale pale birika la bibi linapogonga sakafu. Sisi tunapiga makofi upande huu wa pazia, bibi ametupisha na mkeka wake, ameinama upande ule. Wimbo ulipomalizika tulimsikia bado yuko kwenye rakaa, ananong'ona, na baba akaanzisha mwingine.

Mama alikuwa ananipa maji ya kunawa siku moja, nami nikamwuliza kama baba ana makosa. Alifikiri kwanza. Akasema, "Baba yako ana moto. Mimi sikatai moto, mimi ndio niliuomba. Lakini sisi tunakaa nyumba ya bati."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Mama hakucheka.

Krismasi ya mwaka ule ikaja. Nikamfunga jogoo, nikavaa gauni, nikawa natoka kwenda kupanga mstari nyuma ya duka. Baba alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono ya shati, na kisu cha mama mkononi.

"Leta hiyo kuku," akasema. "Hapa ni nyumba ya Yesu. Leo nachinja mimi."

Mama akatoka na mikono imejaa ulimbo wa matoke. "Baba, na Mama atakula nini?" Alimaanisha bibi.

"Atakula. Nyama ni nyama. Nitaiombea."

"Na Paulo alisema nini juu ya nyama inayomkwaza ndugu yako?"

Baba alikuwa na aya yake, na mama alikuwa na yake, na zote zilitoka kitabu kimoja. Walibadilishana kidogo pale mlangoni, kwa adabu, mbele ya majirani. Mimi nilimtazama bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua karanga, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Muache mtoto. Ni nyumba yake." Mtoto ni baba, mwenye ndevu na vyeo begani.

Akachinja. Alichinja vibaya, kwa sababu hakuwa amezoea, na jogoo alikimbia nusu kichwa mpaka kwenye mfereji, na majirani wakawa na heshima ya kutazama pembeni. Nyuma ya duka foleni ya watoto ilikuwa imejaa, na nilipokwenda kuchungulia, mwenye duka aliniona sina kuku. Akamwita mtoto anayefuata.

Mezani, maana yake mkekani, mama aligawa. Kwetu nyumbani firigisi ni ya mwenye nyumba, hilo mama alilichukua kwa majirani zetu Waganda na akalipenda, kwa hiyo firigisi ilienda kwa baba. Sisi watoto tukapata vipande. Bibi alijipakulia matoke na mchuzi wa karanga, akasema kuku wa siku hizi wana mifupa mingi. Baba akatazama chini. Kisha akaona sahani ya mama. Matoke na karanga.

"Wewe huna nyama?"

"Mimi nimefunga," mama akasema.

"Krismasi?"

"Roho imenisukuma."

Sasa atasema nini, yeye mwenye Jumatano na Ijumaa? Alitafuna firigisi yake na ilimchukua muda mrefu kuimeza.

Tangu siku hiyo, kila baba alipochinja, mama alifunga. Hakununa, hakugomba, hakumsema kwa jirani. Alipika vizuri ajabu, na harufu ilijaa kambini, kisha alikaa karibu na bibi na kula anachokula bibi. Sisi wadogo tulikula nyama na kuona haya, hata hatukujua haya ya nini. Baba alianza kukonda kidogo. Na bibi alianza kunyamaza. Kahawa yake aliinywea nje. Swala yake ya jioni aliihamishia nyuma ya nyumba, karibu na kamba za nguo, ili asisumbue ibada. Hilo ndilo lililoniuma mimi kuliko nyama: kumwona mtu mzima anatafuta penye nafasi ya kuinama kati ya magauni na soksi zilizoanikwa.

Mvua zilipokaribia, karibu na Pasaka, bibi akasema atakwenda Arua kwa shangazi. Kutembea tu, alisema. Lakini alikunja mkeka wa kuswalia, akafunga kinu cha kahawa ndani ya shuka, na mtu anayekwenda kutembea habebi kinu. Mama alielewa. Alimtafutia jogoo wa kumpelekea shangazi, kama desturi, akamfunga kwenye mguu wa meza. Basi lilikuwa la kesho yake mchana. Nyumba yetu ilikuwa inampoteza bibi, na baba alikuwa anampoteza mama yake hali yu hai, na hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa jina.

Mchana huo baba alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku, amelala nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nasaidia bibi kufunga mizigo, na kwa kuwa nilitaka kulia na sikutaka kulia, nikamwuliza swali lolote lililokuja. Nikauliza kama baba alikuwa anakwenda kanisani alipokuwa mdogo.

"Alikuwa nakwenda sana," bibi akasema, akikaza fundo la shuka. "Kila Jumapili."

"Nani alimpeleka? Babu?"

"Babu yako? Babu yako Jumapili nalala, pombe ya Jumamosi iko kwa kichwa." Akacheka kidogo. "Nampeleka ni mimi. Nafua shati yake Ijumaa, shati ilikuwa moja, nyeupe. Napiga pasi ya makaa. Tunatembea mpaka kwa mlango ya kanisa. Yeye anaingia, mimi nakaa nje kwa jiwe, nangoja."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Mvua ikija najifunika na mkeka. Watu ya msikiti walinisema sana. Walisema mimi nimeuza mtoto. Nikawaambia, baba yake amesema mtoto ni ya kanisa, basi awe Mkristo mzima. Asikuwe nusu nusu kama baba yake."

Nikamwuliza kama hakuwahi kuingia hata siku moja kuona.

"Naingia kufanya nini? Ile ni sala yao. Mimi nilikuwa nasikia wakiimba. Nilikuwa najua sauti yake katikati ya zote." Akapangusa kinu, ambacho kilikuwa safi tayari. "Sasa amekuwa Mkristo mzima kabisa. Nashukuru Mungu, ameacha pombe. Nyumba ndio imekuwa ndogo."

Nilikuambia nyumba ile haikuficha kikohozi. Nyuma ya pazia kitanda cha baba kililia mara moja, kama mtu aliyegeuka akalala chali. Bibi alilitazama pazia. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kwamba mwanawe yuko pale, au alijua toka mwanzo.

Asubuhi iliyofuata hatukuamka. Mstari mzima haukuamka. Baba hakuomba kwa sauti, na kwa kuwa watu waliacha kutega saa, polisi wa kambi nzima walionekana wakikimbilia gwaride huku wanafunga mikanda, wake zao wakiwafuata na kofia. Wengine walikuja mlangoni kumwuliza mama kama afande anaumwa.

Afande alikuwa amekaa nje kwenye kigoda cha kuchambulia karanga, amevaa sare, Biblia magotini, haijafunguliwa. Bibi alitoka na birika lake. Wakatazamana. Baba ndiye aliyesema kwanza, na kwa Kiswahili, ingawa na mama yake waliongea lugha yao siku zote. Nadhani alitaka sisi sote tusikie.

"Mama, hiyo jogoo haiendi Arua."

"Itakwenda wapi?"

"Kwa mwenye duka."

Akaingia, akamfungua jogoo kwenye mguu wa meza, akambeba kwapani. Nilimfuata. Alivuka uwanja wa kambi katikati, mahali ambapo kila mtu anaona, afisa wa polisi na kofia yake na jogoo wake, akatoka langoni, akapita mbele ya duka, mpaka kwenye bomba. Tangu Krismasi hakuwa amekanyaga pale. Hata kiberiti alikuwa anatuma sisi.

Mwenye duka alitoka na kisu, akamtazama kutoka kofia mpaka viatu. "Karibu, afande. Nilidhani mmehama."

"Hatujahama."

"Haya, mshike miguu na mabawa. Taratibu, usimbane hivyo, huyo si mwizi."

Baba akachuchumaa, sare yake ikalowa kwenye maji ya bomba. Akafumba macho. Midomo ikaanza kutikisika, bila sauti, kama ya mama kule Mengo, na mimi niliyemjua kwa kelele zake nilishindwa kumtambua. Mwenye duka alikuwa ameshamgeuza jogoo kuelekea kibla, kisu kiko tayari. Aliona midomo ile. Akasimamisha mkono, akangoja. Alingoja mpaka baba akafungua macho. Ndipo akasema bismillahi yake, akachinja, safi, na jogoo hakukimbia popote.

Nilipogeuka nikamwona bibi langoni, birika bado liko mkononi, maji yanachuruzika. Alikuwa ameona yote.

Mama alipika jogoo yule mapema mno, saa ambayo watu wanakunywa chai, ili basi lisije likaondoka kabla. Tulikaa. Baba akapewa firigisi. Akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya mama yake.

"Mama, kula," akasema. "Nimekuwa naongea na Mungu sana, na wewe unaninyamazia, na mimi sikusikia." Akainama, mtu mkubwa yule, akamsogezea sahani.

Bibi aliikata ile firigisi kwa kucha, nusu akala, nusu akamrudishia, kama unavyomlisha mtoto, na baba akafungua kinywa. Sisi tulitazama matoke yetu. Kisha mama akanyoosha mkono kwenye sufuria, akachagua paja, kubwa kuliko yote, akalila bila kuinua macho. Mfungo ulikuwa umekwisha. Nilitumwa kwa mwenye duka na shingo kwenye kisahani, akaifunua, akaguna, akasema Mola amrehemu, sasa na Pasaka wameanza.

Basi la Arua liliondoka mchana bila bibi. Alifungua shuka, akatoa kinu, akatwanga kahawa.

Baba hakuwa vuguvugu baada ya hapo, usidhani. Maombi ya alfajiri yalirudi, watu wakawahi gwaride. Kanisa la bondeni lilimfanya mzee wa kanisa, na alibeba matofali ya ukuta wao wa kwanza mwenyewe kwa ile baiskeli iliyowekwa wakfu. Lakini ibada ya jioni ilibadilika. Birika likigonga sakafu, baba anainua kidole tunyamaze, au kama tulikuwa tumeshaanza kuomba anashusha sauti mpaka inakuwa mnong'ono, na bibi, aliyerudisha mkeka wake ndani, ananong'ona upande wake. Mimi nililala usingizi mwingi mzuri katikati ya minong'ono hiyo miwili.

Sasa zile nyumba hazipo. Walizing'oa, bati zikaenda kwa wauza vyuma, na pale wakajenga magorofa, ambayo ni bora, sikatai. Watoto hawaokwi tena. Duka limekuwa kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Mwenye duka alikufa, na kisu chake sijui kilikwenda wapi. Bibi tulimzika kwao kwa sanda, baba akiwa amesimama na viatu mkononi. Mama alimfuata miaka mingi baadaye, na aliondoka kama alivyoomba, bila kelele. Siku hizi najaza gari kwenye duka kubwa, kuku wamelala kwenye barafu, na hakuna mtu wa kuniuliza nani alichinja. Ninashukuru kwa urahisi huo, na hapo hapo unaniacha na upweke. Hakuna uwanja wa kuvuka, wala mzee upande wa pili wa kukutania.

Jumapili baba alikuja kwangu Kisugu. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, na alimsifu yule kuku. Tulikaa sana, kama kawaida, mpaka jioni, na kabla ya kumrudisha kwake tukamwomba atuombee. Akasimama, akaanza kwa ile sauti yake, ambayo uzee haujaipunguza hata kidogo, vikombe vilitikisika. Katikati ya maombi msikiti wa chini ya barabara ukaadhini. Na baba, macho yamefumbwa, akashusha sauti, akashusha, mpaka ikawa mnong'ono tu.

Alipomaliza mtoto wangu wa mwisho akamwuliza, "Babu, mbona ulianza kunong'ona?"

Nilimtazama baba usoni kwa hofu kidogo, maana umri huu huwapotosha watu. Lakini macho yalikuwa safi, na alikuwa anajua vizuri anachosema.

"Mama yangu anaswali," akasema, akatafuta fimbo yake.